Jua Lilipojifunza Kuua

Mtoto yeyote aliyekulia karibu na banda la video anaijua kanuni: mnyonya damu hutoka usiku, na jua likimkuta nje huteketea. Huisema kwa uhakika uleule wa kusema paka ana roho saba. Na kwa kuwa jambo lenyewe linahusu usiku na mchana, ni rahisi kudhani kwamba limetoka mbali, kwa mababu wa Ulaya waliokesha na mishumaa na kuyaogopa makaburi ya jirani zao. Halikutoka huko. Reli ya Mombasa ilikuwa imeshafika ukingoni mwa Ziwa Victoria yapata miaka 20 kabla ya mnyonya damu wa kwanza kuuawa na jua, na kisa hicho kilitungwa na mwandishi wa sinema huko Ujerumani.

Mababu wenyewe wametuachia ushahidi, na umeandikwa. Mwishoni mwa 1731 wakazi wa Medveđa, kijiji cha Serbia kilichokuwa wakati huo chini ya dola ya Austria, walilalamika kwamba wafu wao wanawaua. Jeshi lilimtuma daktari wake, Johannes Flückinger, pamoja na wenzake. Walifukua makaburi, wakapasua maiti, na Januari 1732 wakatia saini taarifa iliyosema kwamba maiti kadhaa hazijaoza na vifuani mna damu mbichi. Zilizoshukiwa zilikatwa vichwa, zikachomwa moto, na majivu yakamwagwa katika mto Morava. Taarifa ilisambaa magazetini, na habari zikafika London mwaka huohuo.

Lakini tazama kisichokuwemo. Kufukua na kupasua ni kazi ya mchana. Maiti zile zililazwa peupe, jua likazipiga, na daktari hakuandika kwamba zilidhurika hata kidogo. Augustin Calmet, mtawa wa Kifaransa aliyekusanya habari za namna hii katika kitabu chake cha 1746, anaeleza kwamba wafu wa Poland na Urusi hutembea kuanzia adhuhuri hadi usiku wa manane. Adhuhuri! Saa ambayo sinema za leo zingewageuza kuwa majivu ndiyo waliyokuwa wakiingilia kazini. Mwaka 1755 Maria Theresa, mtawala wa Austria, alipata ushauri wa daktari wake Gerard van Swieten, akapiga marufuku kufukua wafu kwa sababu ya imani hizo. Kuanzia hapo mnyonya damu alizidi kuwa mkazi wa vitabuni.

Huko vitabuni alipewa mwezi.

Aprili 1815 mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa nchini Indonesia ya leo, ulilipuka, na moshi wake ukatanda anga la dunia. Mwaka uliofuata Ulaya haikuona kiangazi. Mvua haikukatika, mazao yalioza mashambani, mchana ukawa na utusitusi. Juni 1816, katika nyumba iliyoitwa Villa Diodati kando ya Ziwa Geneva, mvua iliwafungia ndani Waingereza watano: mshairi Lord Byron; daktari wake John Polidori, kijana wa miaka 20; mshairi Percy Shelley; Mary Godwin wa miaka 18; na Claire Clairmont, dada wa kambo wa Mary. Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Mary akaanza ile iliyokuja kuwa Frankenstein. Polidori, ambaye tasnifu yake ya udaktari kule Edinburgh ilihusu watu wanaotembea usingizini, aliokota kipande cha hadithi ambacho Byron alikianza na kukitupa, akakijenga upya. The Vampyre ilichapishwa Aprili 1819 katika jarida moja la London, kwa jina la Byron. Daktari alikasirika kwa kunyang'anywa kazi yake, na mshairi alikasirika kwa kubambikiwa.

Mnyonya damu wa Polidori ni Lord Ruthven, bwana mkubwa mwenye nasaba na adabu za karamuni. Anapigwa risasi na majambazi huko Ugiriki na kufa. Rafiki yake anakwenda kuitazama maiti, haioni. Majambazi wanamweleza kwamba wamefanya walivyoahidi: wameibeba juu ya kilima ili ipigwe na mwali wa kwanza wa mbalamwezi, kama marehemu mwenyewe alivyoagiza. Muda si mrefu Ruthven anaonekana London, mzima, akisalimiana na watu.

Yaani nuru ndiyo iliyomfufua. Kwetu sisi tuliozoea kanuni ya banda la video jambo hili limekaa kichwa chini miguu juu, lakini msomaji wa 1819 hakushangaa. Taa za gesi zilikuwa zimewashwa kwa mara ya kwanza katika mtaa wa Pall Mall, London, mwaka 1807 tu. Kwingineko, aliyetaka kutoka usiku aliutazama mwezi kwanza. Wataalamu wa Birmingham, wakiwemo James Watt na Erasmus Darwin, walikuwa na chama kilichokutana karibu na siku za mwezi mpevu ili wanachama wapate kuiona njia ya kurudi nyumbani. Mwezi ulikuwa taa ya wote, ya mpita njia na ya mwizi vilevile. Polidori alichukua hali hiyo akaichuja hadi ikabaki baridi yake tu: mwanga usio na joto, unaofaa kiumbe asiye na joto.

Hadithi ilipendwa mno, na mwaka uliofuata James Planché aliipandisha jukwaani katika jumba la English Opera House, London. Aliihamishia Scotland, kwa sababu ambayo fundi yeyote wa maigizo ataielewa: jumba lilikuwa na mavazi ya Kiskoti stoo. Mafundi wa jukwaa nao wakabuni kilango cha sakafuni chenye vibao vya springi, mwigizaji akikikanyaga anatoweka mbele ya macho ya watazamaji. Jukwaa hilohilo lilikuwa miongoni mwa ya kwanza mjini kuwashwa kwa gesi, tangu 1817, kwa hiyo mwanga wa kutisha uliweza sasa kuongezwa na kupunguzwa kwa kufungua na kufunga bomba. Tutarudi kwenye kiwanja hicho.

Kati ya 1845 na 1847 mwezi ulifanya kazi ya kuchosha. Mchapishaji Edward Lloyd alikuwa akiuza Varney the Vampire kwa vijitabu vya kila wiki, peni moja kimoja, kwa vijana wa mjini na watumishi wa majumbani. Hadithi ina sura zaidi ya 200. Sir Francis Varney anapigwa risasi, anakufa, mbalamwezi inamwangukia, anainuka. Baada ya muda anakufa tena, na mwezi haumwachi. Ni dhahiri kwamba mwandishi, ambaye wengi wanamtaja kuwa James Malcolm Rymer, alilipwa kwa kuendelea na si kwa kumaliza. Mwishowe Varney mwenyewe anachoka, anakwenda kujitumbukiza katika mdomo wa volkeno ya Vesuvius. Sijui ni wapi pengine mwezi usingemkuta.

Carmilla wa Sheridan Le Fanu, hadithi ya 1872, hana haja na mwezi wala hofu kubwa na jua. Anaamka saa saba mchana, anakunywa kikombe cha chokoleti, anatoka kutembea na mwenyeji wake na kuchoka mapema. Mtu angedhani ni binti wa tajiri aliyedekezwa tu.

Halafu karibu na kile kiwanja cha English Opera House, ambapo jumba jipya liitwalo Lyceum lilijengwa baada ya la zamani kuungua, akaja kufanya kazi karani mmoja kutoka Dublin. Bram Stoker aliajiriwa mwaka 1878 kuwa meneja wa mwigizaji Henry Irving, akakaa naye hadi Irving alipofariki mwaka 1905. Irving alikuwa bingwa wa taa. Umeme ulikuwa umekwisha kuingia London. Jumba la Savoy liliwashwa lote kwa umeme mwaka 1881. Irving alibaki na gesi kwa sababu mwanga wake ni laini, na wakati wa onyesho aliwazimia watazamaji taa, desturi iliyokuwa bado ngeni, ili macho yote yaelekee jukwaani. Stoker aliyatazama hayo usiku baada ya usiku, na baadaye, mwaka 1911, akaandika makala nzima kuhusu taa za Irving. Kwa maoni yangu makala hiyo inastahili kusomwa bega kwa bega na Dracula, riwaya yake ya 1897, kwa kuwa mtu aliyeitunga alijua vizuri kwamba giza ni kitu kinachotengenezwa.

Wengi wanaomtaja Dracula hawajamsoma, na kinachowashangaza wakimsoma ni kumkuta mchana. Siku ya joto mwezi Septemba, katika mtaa wa Piccadilly katikati ya London, Jonathan Harker, mmoja wa wahusika wakuu, anamwona amesimama barabarani, sasa ana sura ya ujana, akimkodolea macho msichana mrembo aliyeketi kwenye gari la farasi. Jua linawaka na Dracula hana habari nalo. Profesa Van Helsing anaeleza kwamba mchana nguvu za kiumbe huyu hupungua: hawezi kubadili umbo ila wakati wa macheo, adhuhuri au machweo. Mwezi bado uko upande wake. Wanawake watatu wa ngomeni mwake, wanyonya damu wenzake, wanajikusanya kutoka kwenye chembe za vumbi zinazoelea katika mbalamwezi. Na wale wanaokwenda kuivamia nyumba yake ya London wanafunga vitaa vidogo vya umeme vifuani, kifaa kipya kabisa cha wakati ule.

Mwisho wa riwaya ndio unaoonyesha jua lilikuwa na kazi gani. Wawindaji wanakimbizana na mkokoteni uliobeba sanduku la Dracula kuelekea ngomeni, na jua linakuchwa. Wanachohofia ni lisije likazama kabla hawajamfikia, maana likizama atafunguka. Wanavunja kifuniko. Macho yake yanaliona jua likigusa milima, uso unajaa ushindi, na papo hapo kisu cha Harker kinamkata koo na cha Mmarekani Quincey Morris kinamzama moyoni. Anageuka vumbi. Katika kitabu chote jua lilikuwa pingu. La kuua lilikuwa chuma.

Ndipo tunafika Ujerumani. Mwaka 1921 kampuni changa iitwayo Prana-Film, chini ya msanii Albin Grau na mfanyabiashara Enrico Dieckmann, iliamua kutengeneza filamu ya Dracula bila kulipia haki zake. Henrik Galeen aliandika mchezo, F. W. Murnau akauongoza. Majina yalibadilishwa, Dracula akawa Count Orlok, na Max Schreck akamwigiza akiwa na upara, masikio marefu na kucha kama za ndege. Badala ya zile mbio za farasi na visu, Galeen alitunga mwisho mwingine: mwanamke mwenye moyo safi anajitoa mhanga, anamkaribisha Orlok chumbani na kumshikilia hadi jogoo awike. Jogoo kufukuza mizimu ni jambo la kale. Hata mzuka katika Hamlet ya Shakespeare huondoka jogoo akiwika. Lakini mizimu ya zamani ilikuwa ikirudi kwao tu. Orlok hakurudi. Mwanga wa asubuhi unaingia dirishani, anashika kifua, anafifia mwili mzima, ukuta unaonekana kupitia kwake, na sakafuni panabaki moshi kidogo. Filamu hiyo, Nosferatu, ilizinduliwa rasmi tarehe 4 Machi 1922, katika ukumbi wa bustani ya wanyama ya Berlin.

Kwa nini jua? Nadhani jibu liko kwenye mashine. Sinema bubu haikuwa na sauti ya kisu wala ya kilio, lakini kufifisha mtu ilikuwa mchezo wake wa asili: unapiga picha ya chumba na mtu, kisha ya chumba kitupu, unazipandanisha. Filamu nayo ni mwanga unaopita kwenye ukanda, na taa ikizidi picha yote huyeyuka kuwa weupe. Galeen na Murnau walimuua mnyonya damu kwa kitu kilekile kilichomfanya aonekane.

Kuna kichekesho ndani yake. Kanda za wakati ule hazikuweza kunasa usiku wa kweli, kwa hiyo matembezi ya usiku ya Orlok yalipigwa picha mchana, na jua likiwa limetoka. Baadaye ukanda ulitiwa rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa mchana au taa, waridi kwa mapambazuko. Mtazamaji wa 1922 aliona buluu akaelewa. Kisha mjane wa Stoker, Florence, alifungua kesi. Kampuni ilifilisika, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Zilizoponea nchi za nje zikanakiliwa tena na tena kwa nyeusi na nyeupe, rangi ikapotea. Kwa miongo mingi watu walimwona Orlok akikatiza mitaa ya mji na jeneza lake kwapani, kivuli chake kikali kwenye mawe, mchana kweupe, katika filamu inayodai kwamba mchana unamuua. Nakala zenye rangi hazikurejeshwa ipasavyo hadi miaka ya 1980 na kuendelea.

Nairobi na Kampala za enzi ile ya Nosferatu, nazo, zilikuwa na hadithi zao za damu. Watu walisimuliana juu ya mumiani na wazimamoto, watu wenye ajira na magari waliodaiwa kuwakamata wapita njia na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo na kuzichapisha mwaka 2000. Wanyonya damu wale hawakuwa wafu na jua halikuwahusu. Palipopambazuka walikwenda kazini kama watu wengine.

Hollywood haikuiga Berlin mara moja. Bela Lugosi, katika Dracula ya 1931, anauawa kwa kigingi, tena nje ya picha. Taa zilizotumika kwa ustadi ni zile nyembamba zilizoelekezwa machoni pake. Mwaka 1943 ndipo jua lilipoanza kuua Marekani, katika Son of Dracula na The Return of the Vampire, hii ya pili ikiwa na London inayopigwa mabomu. Lakini kilichoifanya kanuni kuwa sheria ni Dracula ya kampuni ya Hammer, Uingereza, mwaka 1958, tena kwa rangi. Christopher Lee, akiwa Dracula, yuko ukumbini mwa ngome yake, na Peter Cushing ni Van Helsing. Cushing anakimbia juu ya meza ndefu, anarukia mapazia na kuyang'oa kwa uzito wa mwili wake. Mwanga unaangukia mguu wa Lee, mguu unasagika. Cushing ananyakua vinara viwili, anavipanga msalaba, anamsukumia juani hadi panabaki majivu na pete. Aliyeiona sekunde ile akiwa mtoto hakuwa tena na haja ya kusoma Stoker.

Wakati huo mwandishi mmoja wa California alikuwa ameshauliza swali ambalo kanuni inalificha: kama usiku ni wao na mchana ni wetu, mchana sisi tunafanya nini? Katika I Am Legend ya Richard Matheson, ya 1954, ugonjwa wa bakteria umegeuza watu wote kuwa wanyonya damu isipokuwa Robert Neville. Usiku anajifungia na vitunguu saumu, whisky na jenereta. Mchana anazunguka Los Angeles akiwapiga vigingi waliolala. Siku moja, akiwa kwenye kaburi la mkewe, saa yake ya mkononi inasimama. Anajiona ana muda, kumbe jua linakuchwa. Msomaji anatetemeka pamoja naye. Mwishoni anagundua kwamba miongoni mwa walioambukizwa wapo wanaoishi, wanaofikiri na kujenga jamii mpya, na kwamba kwao yeye ndiye jinamizi linalokuja watu wakiwa wamelala na kuacha maiti. Sijasoma riwaya ya aina hii iliyougeuza mchana kwa ukatili kiasi hicho.

Baada ya Matheson jua halikubaki na maana moja. Katika Blacula ya 1972, iliyoongozwa na William Crain, Mamuwalde ni mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyekwenda Transylvania mwaka 1780 kumwomba Dracula asaidie kukomesha biashara ya watumwa. Dracula anamdhihaki, anamuuma, anamfungia jenezani, na baada ya karne mbili jeneza linafunguliwa Los Angeles. Mpenzi wake anapouawa, Mamuwalde hangoji kuwindwa: anapanda ngazi hadi juu ya paa na kuliendea jua mwenyewe. William Marshall anaigiza mwendo ule kwa heshima ya mtu anayekwenda kwao. Anne Rice, mwaka 1976, alimpa mnyonya damu wake, Louis, kumbukumbu ya macheo ya mwisho aliyoyatazama akiwa binadamu, na jua likawa kitu cha kukosekana. Blade, aliyezaliwa kwenye vitabu vya katuni mwaka 1973 na kuigizwa na Wesley Snipes mwaka 1998, alipewa uwezo wa kutembea mchana, na uwezo huo ndio silaha yake.

Mwaka 2005 zilitoka Marekani riwaya mbili zilizovuta kamba hiyo pande mbili. Twilight ya Stephenie Meyer inakaa Forks, mji wa mawingu na mvua, ambako mnyonya damu Edward Cullen haungui juani. Ngozi yake nyeupe inametameta, na siku za jua hafiki shuleni kwa kuogopa kuonekana. Iliuzwa kama njugu. Nyingine, Fledgling ya Octavia Butler, haikupata kelele hizo. Mhusika wake mkuu, Shori, ni wa jamii ya Ina, wanyonya damu wenye ngozi nyeupe ambao mchana usingizi huwashinda na jua huwaunguza. Yeye ni mweusi. Wazee wake walichanganya mbegu zao na za mwanamke Mmarekani mweusi, na ngozi hiyo inamwezesha kukaa macho mchana na kulistahimili jua. Adui zao, familia ya Silk, ambao ni Ina wenzao, wanamwona uchafu katika damu. Wanawatuma binadamu wenye bunduki na petroli kushambulia mchana, saa ambayo Ina wote wamelala. Katika shambulio la Punta Nublada, mojawapo ya makazi ya Ina, aliye macho miongoni mwao ni Shori peke yake, na ndiye anayeongoza ulinzi. Kesi inasikilizwa na baraza la Ina kwa usiku kadhaa, Silk wanapoteza, na vijana wao wa kiume wanagawiwa familia nyingine. Butler alifariki Februari 2006. Riwaya hiyo ikawa ya mwisho, na haielezi kama familia nyingine za Ina zitakubali kuzaa watoto wenye rangi ile.